Mifupa Kwenye Msingi wa Kigango

Prisca hakuwa mtu wa kupiga kelele. Miaka yote niliyochimba naye mifupa ya kale, hasira yake ilikuwa ya kimyakimya: analaza brashi chini, anakwenda kunywa maji, anarudi kazini. Siku ile, kijijini kwao chini ya Mikese, alipiga kelele mpaka mafundi wakaacha kuchanganya zege. Mimi nilitamani apige zaidi.

Watu wanadhani kazi yetu ni kuokota mifupa. Haiokotwi! Ukiuona mfupa kwenye mwamba, kwanza unagawa eneo kwa kamba na kuchora kila kipande kimelala wapi, kimeelekea wapi, kiko kwenye tabaka gani. Hapo ndipo unajua mnyama aliishi zama zipi, na kama alizama kwenye tope au alisombwa na mto. Kisha unasafisha kwa brashi na sindano, unatia gundi palipopasuka, unauviringishia vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, ileile ya kufungia mguu uliovunjika. Ukiung'oa bila kufanya hayo, umebaki na jiwe zuri la kuweka sebuleni.

Mnyama wa safari hii aligunduliwa na Prisca mwenyewe, kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo mwenye shamba alikuwa huyo mama yake, Mama Anastasia, mjane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Mnyama mwenyewe alikuwa mtambaazi mkubwa kama ng'ombe, aliyeishi kabla dunia haijaona ua wala ndege. Prisca alikuwa amekaa miaka akichimbua wanyama waliogunduliwa na wengine. Huyu alikuwa wake, na alimpenda waziwazi.

Tulikuwa tumetoa mkia tu mvua zilipoanza kushuka kutoka Uluguru. Mkuu wetu, Daktari Rogers, akaamua tufunike fuvu na mabega kwa turubai, tufukie, turudi kiangazi. Akarudia na agizo lake la siku zote: wanakijiji wasiambiwe kitu, watadhani ni madini, watakuja na sururu. Tukatii. Walipouliza tunafukia nini, Prisca alijibu kuwa ni mawe tu. Mama yake naye alijibiwa hivyohivyo.

Tuliporudi, turubai letu lilikuwa juu ya banda la kuku na shimo lilikuwa tupu.

Kigango, tawi la parokia pale kijijini, kilikuwa kinajenga kanisa. Kila kaya ilitakiwa kuleta lundo la mawe, na Mama Anastasia hakutaka kuwa miongoni mwa wasiotoa. Akawaonyesha vijana wa jumuiya mawe ambayo binti yake alikuwa ameshayafukua nusu. Wakayavunja kwa nyundo, wakayabeba, wakamshukuru sana.

Prisca alitembea kando ya msingi. Kwenye kona aliona safu ya meno imetokeza kwenye zege.

"Nani kawaruhusu?" alifoka. "Nani?"

Mama yake akaja akijikongoja na fimbo. "Nimewapa mimi. Kuna nini?"

"Umeniua, mama! Hii ni mifupa! Mnyama mzima mmemvunjavunja!"

"Unanifokea mbele za watu?" Mama Anastasia aligonga fimbo chini. "Nilikuuliza, Prisca. Nakupakulia chakula, nakuuliza. Ukaniambia ni mawe tu, mama. Kwenye shamba la mama zangu unaficha kitu, na mimi unanidanganya!"

 Prisca akatoa simu, akampigia Daktari Rogers aliyekuwa Dar, akaweka sauti kubwa, sote tukasikia. Alimweleza yote. Nilingoja yule bwana aulize fuvu limesalia kiasi gani, au hata Prisca ana hali gani.

"Umewaambia ni nini?" ndilo alilouliza.

"Bado."

"Afadhali. Usiwaambie. Waambie ni—"

Prisca alikata simu. Kama angekuwa karibu, yule mtu, ningemtia mkononi koleo la mafundi wa zege achimbe mwenyewe.

"Njooni wote," Prisca akaita, bado amekasirika, machozi yanamtoka na hayafuti. Akamwagia maji lile taya, akalisugua kwa brashi hadi meno yakang'aa. Akawaeleza mnyama huyo alikuwa nani, alikula nini, na kwamba alilala pale kabla ya mtu yeyote kuzaliwa popote. Aliwaeleza kwa ukali, kama anawagombeza. Vijana waliovunja walitazama chini.

Mama Anastasia alishika bega langu, akapiga magoti kwa shida, akagusa jino moja kwa kidole. 

"Ungesema," alimwambia binti yake. "Tungebeba mawe ya mtoni."