Mkufu wa Mgebuka

Mpaka leo nikipita Kibirizi wanakoanika samaki, harufu ya mgebuka mkavu hunirudisha moja kwa moja kidato cha kwanza, kwenye dawati nililokaa na Zuhura. Wenzangu harufu hiyo huwatia njaa. Mimi, jamani, shingo huniwasha.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na mkufu wake: kichwa cha mgebuka kilichokaushwa, kimepitishwa uzi wa nyavu. Kila Ijumaa alituita kwa zamu, akaandika ubaoni maneno mawili yaliyofanana sura kama pacha, akataka tofauti yake, kwa Kiingereza tu. Ukishindwa, unavishwa mpaka Ijumaa nyingine, wewe na nzi wako.

Zuhura alitoka Ilagala, Kiha kimemjaa mdomoni. Baba yake, mvuvi wa dagaa, alimwacha kwa shangazi yake, mtaa wa Rusimbi, kwa sharti moja: masomo yakimshinda, anarudi kuanika dagaa. Na Zuhura alitaka unesi. Alishachagua hata soksi.

Ijumaa yake ya kwanza ilikuwa "loose" na "lose". Akasimama, akalegeza kamba ya kiatu. "Hii imelegea." Akaficha kalamu, akaanza kuitafuta chini ya dawati. "Na hii nimepoteza."

Hata nzi walielewa. Lakini alikuwa amesema Kiswahili.

"Njoo uvae, mama samaki," mwalimu akamwambia.

Mchana uleule baba yake akatokea. Wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi ukiwa mpevu, maana mwanga wake hushinda taa zao. Ndipo yeye alipokuwa akipata nafasi ya kuja mjini. Akavua kofia mlangoni, akaona kile kichwa kifuani kwa mwanawe. Zuhura akakifunika kwa viganja. Mzee akatabasamu.

"Mwana wanje, mwanangu, umepewa tuzo?" Akamgeukia mwalimu. "Mmemvisha samaki wa kwetu. Ahsante sana, mwalimu."

Mwalimu akatukonyeza. "Ndiyo, mzee. Huyu ndiye wa kwanza darasani."

Tulicheka, wengine wakalalia madawati. Mzee naye akacheka, akidhani tunamfurahia. "Basi asome," akasema. "Dagaa nitaanika mwenyewe."

Baada ya hapo Zuhura akashika Kiingereza kuliko sisi sote. Ila kila mwezi ulipokuwa mpevu, alishindwa tena. Tukambandika jina.

"We Mbalamwezi, leo akili imeliwa yote au imebaki ya kesho?"

Ijumaa moja alininong'oneza tofauti ya "quite" na "quiet". Zamu yake ilipofika, akaulizwa maneno mepesi kuliko yangu. Akasema hajui, akainamisha shingo kabla mwalimu hajainua mkufu.

"Una wazimu?" nikamuuliza.

"Nyamaza. Baba yuko njiani."

Nilidhani anaogopa fimbo. Ukubwani ndipo nikaelewa: angekutwa shingo tupu, angemwambiaje mzee kwamba wa kwanza darasani kanyang'anywa tuzo? Yule mtoto alishindwa makusudi kila mwezi ili asirudishwe nyumbani, na sisi tukimpigia makofi ya kejeli.

Tulipomaliza shule, mzee aliuomba ule mkufu. Mwalimu akampa, akamfungia na gazeti kabisa.

Zuhura sasa ni nesi. Mkufu uko ukutani Ilagala, umevishwa nailoni usiliwe na mende. Mgeni akifika, mzee huushusha amwonyeshe, na Zuhura hutoka nje kuchota maji.