Kumbukumbu Isiyorudi

Pale hospitali walimwita Bi Taratibu, wala si kwa kumsifu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi, na kompyuta alizijulia ukubwani. Aliingia pale kama mpiga chapa wa masijala. Vitabu vya kuandika programu alivisoma mwenyewe, jikoni, sufuria ikitokota. Sasa ndiye aliyeitunza mashine kubwa inayohifadhi picha zote za eksirei.

Mashine hiyo ilikuwa na ugonjwa. Kila baada ya siku chache kumbukumbu yake ilijaa, ikaanza kujikokota, mwishowe ikagoma. Mkuu wa kitengo alikuwa na dawa moja tu: kila Alhamisi asubuhi izimwe, iwashwe upya.

"Maadamu inawaka, shida iko wapi?" alikuwa akisema.

Shida ilionekana Alhamisi moja, mashine ilipochukua dakika ishirini kuamka, huku daktari wa upasuaji amesimama mbele ya mgonjwa aliyekwisha kulazwa usingizi, akisubiri picha ya nyonga. Mgonjwa alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini daktari alishuka hadi chumba cha mashine, kofia ya upasuaji ingali kichwani. Hakufoka. Alisema tu, "Mama, leo niliogopa."

Maneno hayo yalimchoma Bi Taratibu kuliko matusi. Siku hiyohiyo akaanza msako.

Kosa halikuwa kwenye programu ya picha. Lilikuwa chini zaidi, kwenye mfumo wa faili, ile sehemu inayojua kila faili limelala wapi ndani ya diski. Akaupachika vihesabio viwili: kimoja cha kumbukumbu inayochukuliwa faili linapofunguliwa, kingine cha ile inayorudishwa linapofungwa. Namba zilipaswa kulingana. Hazikulingana. Ajabu ni kwamba alipofungua faili yeye mwenyewe, mara elfu kumi, kila kitu kilirudi salama salimini.

"Kosa hili linanichezea shere," alimlalamikia mumewe, fundi viatu, walipokuwa wakila chakula cha mchana kibandani kwake. "Na Jumapili halionekani kabisa!"

Mumewe alimeza tonge. "Basi kaulize, Jumapili ni nani hayupo kazini."

Hakumaliza hata chakula. Alikwenda moja kwa moja kwa mpiga picha za eksirei.

"Mwanangu, siku za kazi mnafanya nini ambacho Jumapili hamfanyi?"

"Kikao cha saa mbili asubuhi, Mama. Madaktari wote wanafungua picha ileile, kila mtu kwenye kompyuta yake."

Wote kwa pamoja! Yeye alikuwa akifungua faili mojamoja, kwa adabu zake zote.

Kesho yake aliwabembeleza wauguzi na makarani kumi na wawili wakae mbele ya kompyuta. "Nikisema tatu, bonyezeni!" Wakabonyeza huku wakicheka. Hakuna kitu. "Tena!" Mara ya saba, namba ya kilichochukuliwa ikaipita ya kilichorudishwa.

"Nimekukamata, mshenzi wewe!" akapiga kelele. Karani mmoja aliruka kitini, akidhani anaambiwa yeye.

Ilibaki kusoma. Siku nne alipitia mistari ya programu kwa kidole. Kazi mbili ndani ya mashine zilipoliomba faili moja kwa wakati mmoja, kila moja ilitazama orodha, ikaona faili halijatengewa kumbukumbu, ikatenga yake. Kufuli la kuzuia vurugu hizo lilikuwepo, ila lilifungwa baada ya kutazama. Kumbukumbu ya pili iliandikwa orodhani juu ya ya kwanza, na ile ya kwanza ikabaki mle ndani, haina mwenyewe, haina wa kuirudisha. Akaongeza mistari minne: ukishafunga kufuli, tazama tena, ukikuta mwenzio ameshaandika, tumia yake, rudisha yako.

Aliijaribu kwenye mashine ya pembeni siku mbili mfululizo, maombi mia mbili kwa mpigo. Vihesabio vikalingana hadi tarakimu ya mwisho. Ndipo akaiweka kwenye mashine kubwa, na marekebisho akawatumia pia waliotengeneza mfumo ule.

Alhamisi ilipofika, mkuu alikuja kuizima kama kawaida. Akamkuta Bi Taratibu amesimama mbele ya swichi.

"Leo hatuzimi, mkuu."

"Ikigoma je?"

"Ikigoma, nitapanda juu mwenyewe nikawaeleze madaktari. Jina lako sitalitaja."

Mkuu alimtazama, akaurudisha mkono mfukoni. Alhamisi hiyo ikapita, na nyingine, na nyingine. Wiki ya sita, barua ilikuja kutoka kwa watengenezaji: mistari yake imeingizwa kwenye mfumo wenyewe, itamfikia kila anayeutumia. Mkuu aliisoma mara mbili, akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Hebu nioneshe," alisema. "Anza mwanzo kabisa, na usiende mbio."