Shukrani Niliyoitoa Mapema

Mdogo wangu alikuwa na miaka thelathini na moja alipokubali kupanda basi nami kwenda hospitali ya Haydom. Miaka yote tulisema ana aibu. Mgeni akibisha hodi, yeye alipita mlango wa nyuma kwenda kwa ng'ombe, nami nikamsemea, "Ametoka kidogo." Nilidhani namsaidia.

Daktari wa afya ya akili alituambia si aibu wala kiburi. Ni ugonjwa wa haiba. Mtu anawatamani watu, lakini anaamini kabisa kwamba watamdharau, basi anawakimbia mapema. Dawa zingeweza kupunguza hofu, ila tiba yenyewe ni mazungumzo na hatua ndogo, kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe dada, acha kumsemea."

Hatua ya kwanza ilikuwa kumwamkia mtu mmoja kwa siku. Siku nne zilipita bure. Siku ya tano alimpa shikamoo bibi jirani yetu.

"Marahaba! Kumbe una sauti? Mimi nilijua unaongea na ng'ombe peke yao!"

Alinisimulia hayo akicheka. Sikuwahi kumsikia akileta habari kutoka nje.

Baada ya miezi saba alikwenda mwenyewe mashineni kusaga mahindi, akapanga foleni na akina mama. Furaha ikanizidi. Kwetu Nambis jambo jema halifichwi ndani, unamtolea Mungu shukrani mbele ya watu. Jumapili nilibeba jogoo na debe la maharage, nikasimama mbele ya kanisa, nikaeleza yote: ugonjwa, daktari, foleni ya mashineni. Nikamwita asimame. Sikuwa nimemwambia.

Alisimama. Watu wakapiga makofi, kwaya ikaanza kuimba. Walimpenda, hilo ni kweli. Yeye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hakutoka tena. Daktari alipouliza kwa simu kumetokea nini, nilisema sijui. Akasema kurudi nyuma ni kawaida, aje tu waendelee. Kila nilipombembeleza, mdogo wangu alijibu, "Dada, sasa wote wananijua."

Majira ya baridi akaanza kukohoa. Alisema ni vumbi la pumba. Hakutaka kukaa kwenye benchi la wagonjwa, watu wakimtazama. Siku aliyokubali nimpeleke, hakuwa na nguvu ya kukataa. Homa ya mapafu ilimchukua siku ya tatu.

Baada ya matanga nilipanda basi peke yangu. Nilimuuliza daktari kama mdogo wangu angepona ule ugonjwa wa kwanza. Nilitaka aniambie hauponi.

"Hofu isingekwisha yote," alisema. "Lakini wengi wanafika mahali wakaishi na watu. Yeye alikuwa ameshaanza, dada. Sijui nini kilimkatisha."

Ndipo nikamwambia habari ya kanisani.