Kuku Waliovaa Soksi

Walisema sitaweza. Pale Miembeni, nilipowaambia wenye maduka kwamba ndani ya kopo langu la biskuti mna mayai kumi na mawili ya kuku wadogo wa Ubelgiji, wenye manyoya miguuni mpaka vidoleni, walicheka wakashika mbavu. "Bwana Diploma, kuku waliovaa soksi, kwa mvua hizi za Bukoba?"

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Nilikuwa nimetoka huko Ulaya na diploma ya mifugo, mimi mtoto wa mkulima wa Muleba, niliyejisomesha kwa kuosha sahani za watu. Masomo hayakunishinda, yangenishinda mayai?

Niliazima matetea watatu waliotaka kuatamia: mmoja kwa jirani, wa pili kwa rafiki wa mama kule Kemondo, na wa tatu, mlezi kuliko wote, kwa shangazi yangu. Kwetu tetea aliyeazimwa kuatamia harudi peke yake. Hurudi na vifaranga wawili nyuma yake. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Walianguliwa tisa. Niliwajengea banda lenye sakafu ya mbao, nikawatandikia nyasi kavu kila asubuhi ili miguu yao isilowe. Watu walitoka mpaka Kahororo kuja kuwatazama. Sioni haya kusema kwamba mkoa mzima haukuwa na kuku kama wangu.

Shangazi alipokuja, nilimkabidhi tetea wake ndani ya kikapu, na kitenge kipya juu yake.

"Na watoto wake?"

"Shangazi, hii ni mbegu safi. Kwako watachanganyika na majogoo wa kijijini."

"Mwana wange, tetea wangu alipowakalia siku zote zile, hukuogopa atawachanganya?"

Akachukua tetea. Kitenge akaniachia.

Wale wengine wawili nao niliwarudishia matetea watupu. Miaka ya ujamaa ilipofika, shangazi akahamia kijiji kipya na wenzake, akawa anawachekesha shambani: "Sisi sote tumejiunga. Kuku wa mwanangu tu ndio waliokataa." Niliposimuliwa, nilicheka. Kuku wangu walikuwa wameshafika arobaini, na bado sikumpelekea hata mmoja.

Kisha nikasikia kwamba macho yake hayaoni tena.

Kesho yake asubuhi nilikamata kuku sita. Jirani alipokea wawili wake akaniuliza kama soksi zao zinafuliwa. Mama wa Kemondo alipiga vigelegele. Shangazi nilimkuta ameketi mlangoni. Nilimwekea wawili wa mwisho, jogoo na tetea, mapajani, naye akapapasa mgongo, akashuka mguuni, vidole vyake vikatulia kwenye manyoya.

"Kumbe ni laini hivi. Na rangi yao?"

Ubelgiji rangi ile ina jina zuri, nililikariri kwa ajili ya mtihani. Halikumfaa.

"Kama maharage yale uliyokuwa unanipikia," nilisema. "Mekundu, yenye madoa meusi na meupe."

Alicheka, mkono ukiwa bado juu ya jogoo.

"Wana madoa tayari," alisema. "Miaka yote hiyo, mwana wange, ulikuwa unaogopa wangu watawatia nini?"

Siku hiyo nilimaliza kuwalipa wote walioniazima. Swali lake bado nadaiwa.