Kila Jumamosi Wananiuliza Kama Manyoya ya Paka Yameota

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu wa biolojia, naishi Kapsoya hapa Eldoret. Mke wangu alitangulia. Moyo wangu umevimba, miguu imejaa maji, na siku hizi daktari haniambii tena nirudi lini. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo nivumilieni. Kuna jambo sitaki kulibeba hadi kaburini.

Miaka miwili iliyopita jirani yangu, mzungu aliyekuja huku kufanya mazoezi ya mbio, alirudi kwao akaniachia paka wake. Paka huyo hana manyoya. Hakuugua wala hakuungua. Kuna aina ya paka wanaozaliwa hivyo, ngozi tupu yenye mikunjo kama shingo yangu. Jirani alinifundisha kumtunza. Aogeshwe kila wiki kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu hana manyoya ya kunyonya mafuta ya ngozi yake, na akikaa bila kuoga anaacha madoa ya kahawia kwenye shuka. Masikio yapanguswe. Avalishwe sweta, na asilale nje hata usiku mmoja, maana baridi yetu itamuua. Nilimpokea kwa ajili ya upweke. Ukimpakata, ana joto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi.

Msichana aliyenifanyia kazi za nyumbani, nitamwita Nekesa, alimwogopa siku mbili tu. Siku ya tatu nilimkuta anafumua sweta langu la zamani amfumie lake. Alimwita Babu. "Mwalimu, sasa niko na babu wawili," alinitania, "na ule ako na nywele ndiye anasumbua kula."

Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Husali Jumamosi, nyumba kwa nyumba. Wiki moja kabla ya zamu yangu, mama mmoja alisimulia habari za watu wanaofuga vitu vya ajabu ndani ya nyumba ili watajirike. Wote walitikisa vichwa. Nami nikatikisa. Zamu yangu ilipofika nilimwambia Nekesa amfungie paka jikoni, naye akaona heri amwogeshe huko huko. Mke wa mwanangu, Mama Chebet, aliyekuwa amesikia tu kwamba nina paka, alikuwa amekuja kusaidia kuandaa chai. Aliingia kuchukua vikombe akamkuta Nekesa amepiga magoti kando ya beseni linalotoa mvuke, paka analia, mwili mtupu, mwekundu. Akapiga nduru. Jumuiya nzima ikajaa mlangoni.

"Umemmwagia paka wa Mwalimu maji moto," Mama Chebet akasema.

"Sijamchoma, Mama. Ako hivyo tu. Mwalimu, waambie ako hivyo."

Wote wakanigeukia. Mimi, niliyefundisha watoto wa watu mambo ya urithi wa maumbile zaidi ya miaka thelathini, nilihitaji sentensi moja tu. Nilitazama zile nyuso, nikakumbuka vile vichwa vilivyotikisika, nikasema, "Mimi sikujua."

Mama Chebet alimfukuza jioni hiyo hiyo. Nekesa hakulia. Akiwa mlangoni na mfuko wake aliniambia, "Masikio yake usisahau, Mwalimu." Wale akina mama walimwombea paka apone. Mmoja huniletea shubiri ya kumpaka. Na kila Jumamosi kuna anayeniuliza, "Mwalimu, manyoya yameanza kuota?" Nami hujibu, "Bado kidogo." Nimelijibu swali hilo karibu miaka miwili.

Sasa mwanangu na Mama Chebet wamehamia kwangu kuniuguza. Mama huyu ndiye huniinua, hunigeuza, huninywesha uji. Mwezi uliopita, alipoenda sokoni, nilimpigia Nekesa simu. Yuko Langas, mtaa mwingine wa hapa mjini, anafulia watu nguo. "Mtoto hakuna mtu ananiachia, Mwalimu. Wanasema kama nilichoma paka, mtoto nitafanya aje?" Nilimwomba msamaha. Akasema, "Sijakataa. Lakini wewe ulinikana mbele yao. Sema mbele yao." Nikamuuliza kama angemchukua paka. Alicheka. "Nikuje na Babu huku Langas? Watasema nimetembea na ushahidi."

Nilimweleza Mama Chebet ukweli wote. Aliketi kitandani, akakunja leso yake mara nyingi. "Baba, mimi ndiye nilipiga nduru. Nitaweka uso wapi? Halafu wakijua hakuungua, kwamba alizaliwa hivyo, unafikiri watasali wakiwa na yeye hapa ndani? Mwanao mwenyewe atamtupa nje. Wacha tu, Baba. Pumzika." Kisha akaninywesha dawa, taratibu, kama kawaida. Si mwanamke mbaya. Hilo ndilo linalonibana zaidi.

Jumamosi hii jumuiya inakuja kusali kando ya kitanda changu. Nikisema, msichana wa watu atarudishiwa jina lake jema, na huyu kiumbe aliyelala kifuani pangu ninapoandika atatupwa kwenye baridi nikiwa sina nguvu hata ya kuufikia mlango. Nikinyamaza, paka atakuwa salama, nami nitazikwa kwa sifa nyingi, Nekesa akiendelea kuitwa mchoma paka. Najua wengine wa jumuiya wanasoma ukurasa huu, na watanitambua kabla hawajafika hapa. Labda ndiyo maana nimeandika. Lakini Nekesa hakuniambia niandike. Aliniambia niseme.

Wasomaji, nishikeni mkono. Jumamosi wakiniuliza kama manyoya yameota, niwajibu nini?