Wanataka nimsifu mtu aliyewazuia majirani wasituokoe na moto

Naomba jina langu mulifiche, maana watu ninaowasema tunasali nao kanisa moja. Mimi ni mjane wa miaka sabini na minane, naishi Lubumbashi, upande wa Kasungami. Anayeniandikia kwenye simu ni mjukuu wangu. Majina tumeyabadilisha.

Baba yangu, Kalala, alikuwa seremala. Alitoka Kasai akiwa kijana, akajenga nyumba ya paa la majani pembeni ya mji, karibu na pori. Jirani yake wa kwanza alikuwa Baba Chola, mwenyeji wa huku. Walipendana. Kila mwaka majani yalipoanza kukauka, wao wawili ndio waliowaita wanaume wa mtaa kulima njia pana kati ya pori na nyumba, ili moto ukifika ukose cha kula. Wanawake waliweka mitungi ya maji milangoni. Baba alikuwa na filimbi. Ikilia tu, kila mtu anakata tawi bichi na kukimbia kwenda kupiga moto. Hakuna aliyelazimishwa.

Kisha Katanga, jimbo letu hili, ikajitenga na Kongo. Sisi wa Kasai tukaanza kuitwa wageni, hata mimi niliyezaliwa hapa. Kiangazi kilipofika, baba alibeba jembe lake akawafuata wenzake. Baba Chola akamwambia, bila hasira yoyote, "Kalala, mwaka hii tutalima siye benyewe. Weye baki ku nyumba."

Walipomaliza tukaona walichofanya. Njia yao ilipita mbele ya mlango wetu, si nyuma. Nyumba yetu ilikuwa imeachwa upande wa pori. Baba akachukua jembe lake. Alianza kulima njia yetu sisi, yeye na mama na mimi, na ardhi ilikuwa imeshakuwa ngumu kama tofali. Hatukuimaliza.

Moto ulikuja mchana, na upepo mkali. Baba alipuliza filimbi, na watu wakaja kweli, matawi mkononi, wakajipanga kwenye njia yao. Wengine walitaka kuja kwetu. Baba Chola akanyoosha mkono: "Muntu asivuke. Bale habako bantu ya kwetu." Eti sisi si watu wa kwao. Wakasimama. Niliwajua wote. Mmoja wao alikuwa amenifundisha katekisimu.

Aliyevuka ni mke wake. Mama Chola alimfungua mtoto wake mchanga mgongoni, akamweka mikononi mwa mume wake, akalowesha kitenge na kuingia ndani ya moshi. Alimtoa mdogo wangu, mkono wake ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Mama na mimi tulimfuata nje. Baba alirudi ndani kumchukua nkambo, mama yake, ambaye hakuweza tena kutembea. Paa liliwaangukia wote wawili.

Tuliwazika, tukaishi kambini na Wakasai wengine, halafu tukapanda treni kurudi Kasai ambako mimi sikuwa nimewahi kufika. Mama hakucheka tena vile nilivyomjua. Mimi nilirudi huku baada ya kuolewa.

Yule mtoto mchanga ndiye Generose, na leo ndiye rafiki yangu mkubwa. Nilipougua mwaka jana, yeye ndiye aliyeniogesha. Baba yake alikuja kuwa mkubwa wa mtaa, akafa anaheshimiwa. Sasa vijana wameunda kikundi cha kujitolea kuzima moto wa pori, na siku ya kukizindua wanataka kukipa jina lake. Generose, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, alikuja kwangu na furaha.

"Yaya, weye ulikuwako. Siku ile utasimama, bijana basikie namna papa aliokoa mtaa. Alikuwa anatuambia hakuna muntu ya mtaa alikufa."

 Nikamwuliza, "Na mama yako? Ile kovu ku mukono?"

"Ile ni mafuta ya kupikia," akasema. "Mama mwenyewe alituambia."

Nikamwambia anipe muda wa kufikiri. Vijana hawa nawapenda, kazi yao ni njema, na hapa mtaani maneno ya Wakasai na Wakatanga hayajapoa. Sitaki nami niyachochee. Generose hana kosa, hakuwa hata ameota meno. Lakini nisimame mbele ya watu, nimsifu yule, wakati baba yangu na nkambo hawahesabiwi hata kama watu wa mtaa? Na yule mama aliyevuka peke yake, aliyebaki hapa mtaani anayejua alichofanya ni mimi tu, na mimi siku zangu zimebaki kidogo.

Generose anangoja jibu langu Jumapili baada ya misa. Nimwambie yeye kwanza tukiwa wawili, hata kama atanichukia? Niseme mbele ya wote? Ao nijifanye mgonjwa, nibaki nyumbani? Nyinyi munaosoma, niambieni ambalo mungefanya, maana mimi nimeshindwa.