Kwelea na Gitaa la Mjomba Kasiano

Enzi zetu kule Usevya, mashuke ya mpunga yakianza kujaa maziwa, hakuna mtoto aliyelala mpaka jua limkute. Mama anakuamsha, unapewa kiporo cha ugali na kipande cha samaki mgebuka, haya, mbugani kwenye mpunga kuwinga ndege. Umande unakulowesha mpaka mapajani. Tulikuwa watatu: mimi, Yustina wa mzee Kalolo, na Bernadeta mwenye pengo. Tunagonga makopo, tunarusha udongo kwa kombeo, tunapayuka mpaka sauti zinakauka. Kwelea wakija ni wingu zima, na wanarudi kila siku. Baba yangu, mzee Deusi, alikuwa na msemo wake: "Ndege hana Jumapili."

Msimu mmoja akaja mjomba Kasiano, mdogo wake mama, kutoka Karema. Alikuja na kifurushi cha migebuka mikavu na gitaa alilotengeneza mwenyewe. Debe la mafuta ya taa ndiyo tumbo, kipande cha mninga ndiyo shingo, nyuzi ni nyaya za breki ya baiskeli alizozichambua moja moja. Halafu kwenye debe akagongelea vizibo vya soda, akaviacha vimelegea kidogo. Kwa hiyo akigusa uzi sauti haitoki safi. Inatoka na mchanga ndani yake, inakwaruza, inanguruma kama nyuki waliochokozwa. Mara ya kwanza kuisikia nywele zilinisimama, na nikataka tena.

Baba hakuipenda. "Shemeji, gitaa halijazi ghala," akamwambia.

Mjomba akacheka. "Nipe shamba niwinge, shemeji. Hili debe lina kelele kuliko hao watoto wako wote."

Akapewa. Siku mbili za kwanza ilikuwa raha tupu. Mjomba yuko juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, anapiga, kwelea wanainuka wote. Siku ya tatu ndege wameshazoea. Maana mjomba alikuwa anarudia wimbo ule ule, mtamu huo, na sisi badala ya kuwinga tuko chini ya dungu tunacheza, Yustina anakatika kama yuko harusini, na kwelea nao wanakula huku wanasikiliza. Baba akatukuta hivyo hivyo. Kona nzima ya shamba imebaki makapi.

Sisi hata hakututazama. Alimtazama mjomba. "Kesho jioni napita tena. Nikikuta kona nyingine imeliwa, hilo debe nalipasua kwa shoka, na wewe unarudi Karema."

Nililia siku hiyo, wala sikuulilia mpunga.

Kesho yake mjomba alinitangulia mbugani. "Rozalia," akaniambia, "leo hakuna kucheza. Wewe kazi yako kutazama ndege. Ukiona hata mmoja ametulia, niambie, maana hapo ameshanijua."

Basi ndiyo siku niliyosikia gitaa la solo. Hakuimba, hakurudia kitu. Alikuwa ananyamaza, ananyamaza, mpaka kwelea wanakaribia kabisa kutua, halafu anachomoa sauti moja ya juu na kuuvuta ule uzi kwa kidole mpaka unalia kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Wanaruka. Wakizungukia upande wa mtoni anawafuata kwa vidole vinavyokimbia, anapanda, anapanda, nyie, mpaka unasema sasa unakatika, kisha anaporomoka chini na ngurumo ya vile vizibo. Nikipiga kelele, "Mjomba, wametulia!" anageuza papo hapo, njia nyingine kabisa. Mchana uzi mmoja ukakatika kweli. Akaendelea na nyuzi tatu zilizobaki, vidole vinatoka damu, Bernadeta anamnywesha maji kwa kata kwa sababu mikono haina nafasi.

Jioni baba akaja, na shoka begani. Akazunguka shamba lote, anashika mashuke, anayaminya. Akarudi chini ya dungu, akainua uso.

"Mbona umenyamaza, shemeji? Ndege si hao wanarudi?"

Akaliweka shoka chini, akakalia mpini wake, akasikiliza. Sikuwahi kumwona baba ametulia hivyo, labda padri akihubiri, na hata hapo alikuwa anasinzia.

Sasa naishi Mpanda mjini na mjukuu wangu Neema. Simu yake ina muziki wa roki, wazungu wenye nywele ndefu na magitaa ya umeme yanayokwaruza kusudi. Juzi aliona nasogeza kiti, akadhani nakimbia, akataka kupunguza. Nilikuwa nasogea karibu. Nikamwambia, huyo anayepiga solo anajua kunyamaza, sikiliza, anawaacha watue kwanza. "Nani watue, bibi?" Yeye na wenzake gitaa likianza kulia peke yake wanausukuma wimbo mbele kwa kidole, wawahi maneno. Hawana hata subira ya ndege.

Na mbugani nako siku hizi eropleni inapita inawamwagia kwelea dawa, asubuhi moja kazi imekwisha. Mpunga unapona, sikatai. Lakini kumekuwa kimya, jamani. Mtoto wa leo akitaka gitaa la namna ile lazima kwanza anunue bando. Sisi kwelea walituletea bure.